Wagonjwa wa Ijumaa

Jumapili, 5 Oktoba

Harufu ya rangi tangu asubuhi. Gereji ya chini imeanza mapema na dirisha langu halifungi. Ndiyo Ghala hiyo, mtaa wa magereji hapa Maskati. Kichwa kimeniuma kabla sijawasha kompyuta.

Mafaili ya Daktari Salha yameingia, mengi kwa mpigo, kama kila Jumapili. Kliniki yake iko milimani nyuma ya Qurayyat. Yeye anatibu, sisi hapa ofisini tunamdaia malipo kwa bima. Kliniki ndogo za vijijini hazina mtu wa kubishana na watu wa bima, kwa hiyo zinatulipa sisi tubishane.

Nimeingiza wagonjwa wote. Presha, sukari, mimba, pumu. Na mtoto aliyejitia haragwe puani. Huyo alinichekesha peke yangu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Madai yote ya Daktari Salha yamerudishwa na bima. Yote. Hata haragwe.

Sababu waliyoandika: mwenendo wa kutilia shaka. Nikapiga simu. Bwana mmoja, sauti laini kama msoma taarifa ya habari, kanifahamisha. Wagonjwa wake karibu wote wanakuja Ijumaa. Nani anakwenda kliniki Ijumaa, siku ya mapumziko? Nusu yao wana jina moja la ukoo. Wengi wana namba moja ya simu. Kwa hiyo watu hawa hawapo. Daktari kawatunga.

Nimemwambia watu hawa walikuwepo kabla bima haijazaliwa. Akasema niandike barua.

Nina hasira.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeandika. Mambo ambayo mtoto yeyote wa nchi hii anayajua.

Wanaume wa kijiji kile wiki nzima wako Maskati, majeshini na maofisini, na magari wanayo wao. Alhamisi usiku wanarudi kwao. Ijumaa wakishasali wanapakia mama, mke na watoto, wanawapeleka kwa daktari. Jumapili alfajiri magari yameshaondoka, wanawake wamebaki na mbuzi na mitende. Sasa Jumanne mtu aende kliniki kwa kupanda nini? Ukoo ni mmoja kwa sababu kijiji ni cha ukoo mmoja. Simu ni moja kwa sababu mtandao unashika dukani kwa Mzee Salim tu, na yeye ndiye anayepeleka habari majumbani. Daktari Salha anapumzika Jumatatu ili afungue Ijumaa. Hiyo ni akili. Wao wanaiita wizi.

Bwana Yaqub, mkuu wetu, kaisoma barua na kaikata. Eti ndefu. Zilizobaki ni salamu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jibu limekuja. Kliniki imesimamishwa mpaka ikaguliwe. Mkaguzi atakwenda mwenyewe.

Nilifurahi. Aende akaone kwa macho yake. Nikauliza lini. Jumanne.

Nikawaomba aende Ijumaa. Ijumaa wakaguzi hawafanyi kazi.

Nilicheka kwenye simu, kicheko kibaya. Yaqub akatoa kichwa mlangoni: "Yaa Rahma, khalas, basi. Waache wafanye kazi yao." Kazi yao ni kwenda kutafuta watu siku ambayo hawapo, kisha kuandika kuwa hawapo. Wanalipwa kwa hiyo.

Nikampigia Daktari Salha. Yeye ni Muomani mzaliwa wa Bujumbura, na siku zote namtania kwa Kiswahili chake cha bara. Leo sikumtania. Akaniuliza, "Sasa kesho nitawaambia nini hawa watu? Hawako na pesa mkononi."

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekwenda. Sikuweza kukaa nyumbani.

Mama kanikuta natafuta funguo za gari, akavaa baibui na kubeba chupa ya kahawa. "Mie nnataka kuwaona hao watu wasokuwepo."

Wapo. Pikapu na Land Cruiser zimejipanga mpaka kwenye bonde. Vibaraza vimejaa wanawake, watoto wanarushiana mawe. Mama aliwasalimia mmoja mmoja kwa Kiarabu chake cha Unguja. Wakamcheka, naye akacheka, akamimina kahawa.

Daktari aliwaona wote bila bima. Lakini dawa si zake, zinanunuliwa. Alikuwapo Shamsa binti Hamad, ana pumu, umri wangu hasa. Dawa yake ya kuvuta imekwisha. Mumewe akatazama bei, akasema watangoja mwisho wa mwezi. Hakusema kwa ubaya. Ana watoto wanne na mshahara mmoja. Shamsa akajifunga vizuri mtandio na kurudi garini.

Nimepiga picha nyingi. Magari, vibaraza, foleni. Tukafika barabara kubwa. Mama akasema, "Mungu anawaona." Nikamwambia Mungu anawaona, bima ndiyo haiwaoni.

Jumanne, 14 Oktoba

Mkaguzi kaenda. Kamkuta daktari, nesi, viti vitupu na paka. Kaandika: hakuna wagonjwa.

Nikapeleka picha zangu. Wamejibu kwamba picha hazina muhuri.

Nimelia chooni kazini. Si kwa huzuni. Kwa hasira, na kwa sababu huwezi kumpiga mtu kofi kwenye simu.

Jumapili, 19 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote, na hakuna aliyepaza sauti.

Bima wanatoa nafasi ya mwisho. Wiki mbili za kumtazama Daktari Salha. Mwenendo ukiwa wa kawaida, wanamrudisha. Usipokuwa, wanalifuta jina lake na kuwaarifu bima wenzao wote. Hapo atafunga. Kliniki ile hailipiki bila bima.

Yaqub akaniita, akafunga mlango, akaagiza chai. Akasema kwa upole kabisa: "Wapangie tarehe." Sikuelewa. Akanigeuzia kompyuta. Kliniki zetu nyingine za milimani na za jangwani, Jumapili mpaka Alhamisi, kila siku wagonjwa wachache, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Nilidhani Daktari Salha ndiye wa ajabu. Kumbe wagonjwa wa wenziwe wote wanakuja Ijumaa vilevile. Wanatawanywa kwenye siku nyingine hapa hapa, kwenye meza zilizo jirani na yangu. Mimi tu ndiye niliyekuwa nikiingiza tarehe za kweli, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisifanye hivyo.

"Si wizi," akasema. "Mgonjwa wa kweli, dawa ya kweli. Siku tu."

Nikamwambia basi aandike yeye, kwa jina lake. Akasema kliniki hiyo nimepewa mimi.

Sikuinywa chai yake. Nimeandika barua ya kuacha kazi, iko mkobani. Namchukia. Nawachukia wenzangu walioniacha nipige kelele siku zote hizi huku wanajua. Najichukia kidogo pia, kwa kutojua.

Mama kaniwekea wali na papa. Kauliza nimetukanwa na nani. Nimekwenda kulala bila kula.

Jumatano, 22 Oktoba

Shamsa kabanwa na pumu jana. Jumanne. Hakuna gari kijijini, mume yuko Maskati. Mkwewe kakimbia mpaka dukani kwa Mzee Salim kupiga simu. Kwa bahati lori la maji lilikuwa linashusha. Wakamweka mbele pamoja na dereva, mpaka hospitali ya Qurayyat mjini. Alifika midomo imegeuka rangi.

Yu hai.

Dawa ambayo hakuichukua Ijumaa ile inakaa kwenye kiganja. Naandika na bado nina hasira, lakini sasa sijui niielekeze wapi. Nilikuwa nikipigania ukweli kwa barua. Yeye alikuwa hana pumzi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Daktari Salha kapiga mwenyewe. Nikamweleza alilosema Yaqub, kwa maneno makali, nikitegemea atakasirika na mimi. Akasema:

"Panga, mwanangu."

Nikamwambia huo ni uongo, na jina lake ndilo litakalokuwa juu. Wakigundua watamfunga kwa uongo baada ya kumuonea kwa ukweli.

"Nimeelewa. Lakini mimi niko na wagonjwa. Wewe uko na hasira. Hasira yako ni nzuri, naishukuru. Ila haivutwi kama dawa."

Nimekata simu na kukaa. Nilitaka aseme tupigane.

Jumapili, 26 Oktoba

Barua ya kuacha kazi bado iko mkobani. Mafaili ya Ijumaa yameingia.

Nimeyapanga.

Si kazi ngumu. Hilo ndilo linalonikera. Vidole vilizoea upesi. Wenye presha Jumapili, wajawazito Jumatano. Wa ukoo mmoja nimewatenganisha wasifuatane. Namba ya Mzee Salim nimeiacha kwa wawili, waliobaki nimewapa namba za waume zao. Yaqub alipita nyuma yangu, akatazama, akaenda zake. Ningetaka aseme neno, nimjibu.

Alhamisi, 6 Novemba

Kliniki imerudishwa. Bima wameandika kwamba mwenendo wa wagonjwa sasa unaridhisha, na wanamshukuru daktari kwa ushirikiano. Yaqub kaleta halwa ofisini. Nimekula kipande.

Daktari Salha kapiga alasiri. Dawa zimefika. Shamsa amepata yake, mumewe kaja kuichukua. Anapumua vizuri. Nilitaka kumtania Kiswahili chake, nikamuaga.

Mama kaniuliza mbona leo sikurudi na hasira. Nimemwambia mambo yamekwisha. Akanitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Wagonjwa wa mafaili ya Jumapili ijayo nimeanza kuwatengenezea nafasi. Shamsa nimempa Jumanne inayofuata, siku nyingine zimejaa. Akibanwa tena Jumanne, karatasi itasema siku hiyo ameshaonwa na daktari, na bima haitamlipia hospitali. Nimeliona hilo, nimeliacha.

Kesho magari yatajipanga mpaka bondeni. Kwenye kompyuta yangu, Ijumaa kliniki imefungwa.