Jagwa la Muingereza na Supra ya Baba Yako

Mhongolo, Kahama.
9 Juni 2025.

Mpendwa Mbuke, mke wangu mdogo,

Mwadila! Hujambo huko Kanada? Barafu haijakugandisha? Mumeo Davis anakulisha, au nije kukuchukua mwenyewe? Sisi tunajikongoja. Bibi yako Salome, mke mwenzako, magoti yanamsumbua. Mimi nimebakiza meno ya ugali tu. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ningelia, halafu ungenicheka.

Baba yako Mayala bado yuko chini. Tangu lile duara, shimo la dhahabu la kule Geita, limfunike mwezi Machi, waokoaji walichimba, udongo ukazidi kumeguka, wakaacha. Sasa tumeruhusiwa kumtafuta wenyewe, ili mradi tulete mashine. Pantaleo, yule mwenye makatapila, alikubali kuchimba, lakini malipo yake alitaka moja kati ya yale magari mawili ya mbio. Unayajua. Mayala aliyapenda kuliko ng'ombe, na hiyo kwa Msukuma ni laana.

Basi nikayapima. Jagwa la Muingereza, la mwaka sitini na nane, ukiliwasha linakohoa kwanza, linafikiri, ndipo linakubali. Linavuja oili kila linapolala. Sisemi linafanana na nani. Lakini uzuri! Boneti refu, kiuno chembamba, hata mchungaji hugeuka.

Supra ya Mjapani, ya mwaka tisini na nne, ni kijana asiyejua shikamoo. Ufunguo tu, imeamka. Nyuma ina bawa, sijui ilitaka kurukia wapi, maana kwenye njia yetu ya vumbi tumbo linakwaruza. Ila siku baba yako aliponipandisha kwenye lami ya Isaka nilimwita Yesu, na hayakuwa maombi.

Wajuzi wanasema Jagwa ndilo lenye thamani. Nikafurahi, liende hilo. Supra ndiyo baba yako aliyokuwa akijia kutusalimia kila Jumapili, nilitaka ibaki.

Kumbe mke mwenzako alikuwa ameona viti vya Jagwa vinakauka, akavihurumia, akavipaka samli, kama tunavyolainisha ngozi za kulalia. Nilimsifu. Panya nao wakamsifu. Wametafuna viti, wakashukia nyaya zote, wakazalia humo humo.

Pantaleo alipokuja kulichukua, alifungua mlango, akaruka nyuma.

"Mzee Bujiku, hili ni gari au ghala la karanga?"

"Chukua, baba. Panya ni nyongeza."

Hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye Supra. "Hiyo, au mashine haitoki."

Nikampa ufunguo. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, vile baba yako alivyokiacha kwa ile miguu yake ya korongo. Pantaleo ni mfupi. Alikivuta mbele, akawasha, akaenda zake.

Mashine imechimba wiki nzima. Jana wametoa buti moja. Salome ameliosha, anasema ni la mwanawe. Wachimbaji wote huvaa mabuti ya namna hiyo.

Msalimie Davis, mwambie mimi ndiye mume wa kwanza. Shangazi yako Nelly anakusalimu, na jirani yetu Maganga, na huyu mke mwenzako asiyelala. Mungu akulinde, mayu, asikupe kamwe siku ya kumtafuta mwanao kwa katapila.

Wako akupendaye,
Babu Bujiku