Mtani Aliyeshuka na Toroli

Gerezani, Dar es Salaam
Mfungo Saba, 1324

Kwa kaka yangu Muharami bin Mtoro, Ruaruke.

Kabla sijakuamkia, kaka, nina neno ambalo sijamwambia mtu, si imamu, si Zaidi ambaye tunakula sinia moja. Tumemzika Sadallah, mtani wetu, na katika matanga yake mimi nilicheka, na kile kicheko kilikuwa cha kweli. Neno lenyewe litakuja mbele. Nimelitanguliza kichwa tu ili lisinikimbie, maana unanijua, nikianza salamu naweza kuzifanya ndefu hata karatasi ikaisha.

Bismillahi. Shikamoo kaka. Natumaini u mzima, na mama mzima, na mpunga wa mtoni umesimama vizuri baada ya maji kushuka. Mimi ni mzima, ila nimekonda, na kikohozi cha vumbi la kokoto hakijaniacha. Mwambie mama nasali, na ile shuka aliyonipa ningali nayo.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuo na si hizi za Kidachi nilizofundishwa shuleni, maana najua wewe za Kidachi huzisomi. Lakini huku za chuo wanazisoma wengi, hata wanawake, kwa hiyo naandika kwa haraka mchana huu wakati nyumba imetulia. Zaidi anaondoka kuja Kibiti baada ya alasiri. Nimemwambia asiponikuta ainue mkeka wa kitandani kwangu, atakachokiona ni chako.

Ujumbe wako ameniletea. Kasema, kaka yako anasema panga limenolewa, Abdala analala peke yake kwenye dungu lake akilinda mpunga na nguruwe, na mpunga ukivunwa tu hatalala tena huko, nawe hutaki asubuhi hiyo imkute hai. Kaka, kwa haki ya maziwa tuliyonyonya, usipande ngazi ya dungu lile. Soma kwanza hata mwisho.

Umeniuliza pia kazi gani hii nifanyayo, na kama ni kweli gari la moshi litafika kwetu. Njia yenyewe inaanzia ufukweni, pale meli zinapotua vyuma. Inapita hapa Gerezani kwenye viwanda vya kufulia vyuma, inakwenda Buguruni kwenye mashamba ya minazi, inapita Vingunguti bondeni, kisha inaanza kupanda, kupanda, hata Pugu. Mwaka juzi hapakuwa na kitu, ni kichaka na fisi. Mwaka jana, mwezi uleule kwetu watu walipokuwa wanang'oa pamba, huku walikuwa wanapigilia mataruma. Sasa reli imekwisha vuka Pugu inakwenda Ruvu, na wanasema itafika Morogoro. Ya kwenda Rufiji inazungumzwa tu, vigingi vyake sijaviona.

Kila asubuhi gari linawachukua vibarua hapa Gerezani, limejaa hata kwenye ngazi, linawashusha mmojammoja mahali pa kazi, na jua likielekea kuzama linawarudisha. Watu wamekwisha lizoea. Mwanamke wa Buguruni anapanda na kapu la mihogo kama anayepanda kitanda chake. Wapo wanaocheka humo, wapo wanaosinzia. Lakini behewa la nyuma wanakaa wafungwa wa vita, na wengi wao ni watu wa kwetu, wa Umwe, wa Ngarambe, shingoni mnyororo mmoja kwa watu wengi. Hao hawasinzii. Walikunywa maji kama baba alivyokunywa, na risasi hazikugeuka maji. Sasa wanavunja kilima cha Pugu ili aliyewafunga apite bila kupinda. Mimi nakaa behewa la mbele na bendera yangu na Kidachi changu, na kila siku nikiwatazama roho yangu inanolewa kama panga lako.

Kazi yangu ni kusimama karibu na Bwana wa njia. Akisema kwa Kidachi, mimi nasema kwa Kiswahili. Sauti yangu unaijua, ndogo, watu wananiambia paza mtoto, hujala? Na mnyapara wetu wa Pugu alikuwa nani? Sadallah. Yeye ndiye aliyenipokea nilipofika mjini, akasema mtoto wa Mtoro hatalala barazani na mtani wake yupo. Akanipa chumba cha uani kwake. Mkewe, Mwajabu, mwanamke wa Kimanyema kutoka Ujiji, akanifulia kanzu na kunipikia. Huyo mama hakunifanyia baya lolote, na nitaomba ulikumbuke hilo.

Sasa nikurudishe kwenye matanga ya baba. Najua hupendi kukumbuka, hata mimi. Baba alipojificha mikokoni baada ya vita kuharibika, Abdala ndiye aliyempeleka kwa mtumbwi, na tukajua kwamba njia ya kijito cha kufikia pale anaijua Abdala peke yake. Kwa hiyo askari walipomkuta baba pale na kumleta kamba shingoni, na walipokwisha mnyonga wakaturuhusu kumzika, sote tulimtazama Abdala. Hata kusogea karibu na jeneza hakuthubutu. Tulisema, dhamiri inamsuta.

Lakini aliyekuwa anampelekea baba tumbaku ni nani? Tulisahau. Mtani hahesabiwi, mtani huingia na kutoka kama paka.

Mkumbuke Sadallah siku ile. Alivaa kanzu ya baba nyuma mbele, akalala njiani mbele ya jeneza, akasema hapiti mtu. Akapiga kelele, mimi ndiye niliyewaonyesha askari kijito! Nilichoka kumlisha tumbaku ya bure mzee huyu, havuti, anakula! Nipeni ada yangu ya kumrudisha nyumbani, la sivyo nambeba tena! Watu wakavunjika mbavu. Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa kama gogo, akacheka hata ushungi ukamwanguka. Na wewe kaka ukaenda bandani ukamkamatia yule jogoo mwekundu, ukampa mkononi, ukamwambia haya ondoka njiani ewe mla maiti.

Hakusema utani kando. Kama angesema utani kando hata mara moja, tungemsikiliza. Hakusema, nasi tukacheka, tukambeba baba mbele kumzika, na mwuaji akaenda na jogoo wetu.

Nimejuaje? Bwana wetu wa njia alitembelewa na Mdachi mwenziwe kutoka bomani. Wakasimama Pugu, Sadallah kati yao, kofia mkononi. Mgeni akauliza kwa lugha yao, huyu anaaminika? Bwana akajibu kwamba huyu wameletewa na jeshi lenyewe, maana ndiye aliyewaongoza askari mikokoni, upande wa Ruaruke, akawaonyesha yule jumbe aliyekunywa maji. Akasema kazi ya unyapara ndiyo tuzo yake. Nilisikia kila neno, kaka. Walimu walinichapa nijifunze lugha ile, na siku ile nilijua kwa nini Mungu aliwaacha wanichape. Sadallah akanitazama akitabasamu, akaniuliza wanasemaje mtani, wananisifu? Nikamwambia, wanakusifu. Wanasema wewe ni mtu wa kutegemewa.

Usiku ule nilikula wali wake. Nilikula na kesho yake pia. Haya zangu zilinisaidia, maana mtu asiyesema haulizwi kwa nini hasemi.

Sasa ndilo lile neno.

Pale Pugu pana toroli, ubao mpana juu ya magurudumu manne. Jioni Sadallah hakupenda kungoja gari pamoja na vibarua. Alipenda kukaa juu ya toroli peke yake na kuliachia literemke lenyewe hata Vingunguti, mkono mmoja kwenye mti wa kuzuia, mwingine ameshika kofia, akiimba. Njia ni moja tu, hakuna ya kupishana, lakini gari la kokoto hupanda baada ya yeye kuwa amekwisha fika chini. Siku ile Bwana aliniita akaniambia, mwambie mnyapara asiteremke, gari la kokoto linapanda mapema leo. Nikasema ndiyo Bwana.

Nilishuka kilimani. Vibarua walikuwa wanakunja majembe. Wafungwa wamekaa chini. Mimi, ambaye hata kuadhini naona haya, nikapanda juu ya rundo la kokoto nikapiga ukelele. Mtani! Bwana kasema usishuke leo, gari linapanda mapema! Lakini wewe shuka tu baba, kaburi nimekwisha kuchimbia, nina hamu na jogoo!

Lo, walicheka! Walicheka hata wafungwa, minyororo ikalia. Sadallah akashika kiuno. Akasema, jamani, Mndengereko leo kafungua kinywa, kumbe kina meno! Akasema, nikifika chini nakungojea, nitakuzika wewe pamoja na haya zako, na mama yako nitamwoa kwa ndizi mbili. Wakazidi kucheka. Akaenda kwenye toroli, akakaa, akaondoa kigingi cha gurudumu.

Hapo nikamfuata. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama nilivyo karibu na ukuta huu. Na yeye, kaka, akaacha kucheka. Akanitazama usoni, akaniuliza polepole, asisikie mtu, utani kando, Bashiru, Bwana kasema kweli?

Mtu akiulizwa vile, hata awe mlevi, hata awe na chuki ya kurithi, hujibu kweli. Ndivyo tulivyolelewa. Mimi nilimwona baba na kanzu yake imevaliwa nyuma mbele. Nikamwona jogoo mwekundu anapigapiga mabawa. Nikatabasamu, nikamwambia, shuka, mtani.

Akacheka kwa raha, akaachia. Sikusukuma. Toroli lilikwenda lenyewe, na wimbo wake ukasikika mpaka kwenye ule mkato wa kilima ambapo njia inapinda na mtu haoni mbele. Kisha gari likapiga honi, ndefu, na wimbo haukusikika tena.

Bwana aliuliza kama amri ilifika. Vibarua wote wakashuhudia kwamba nilipaza sauti wakasikia mpaka wa mwisho. Akaniuliza, basi kwa nini alishuka? Nikamwambia alidhani ni mzaha. Akatikisa kichwa, akasema watu hawa ni watoto.

Sitakudanganya kwamba nimelia. Siku ile nililala usingizi ambao sijaulala tangu baba alipokamatwa. Moyo wangu ulikula ukashiba. Na kwenye matanga, watu wakaniambia haya Bashiru, wewe ndiye mtani wake wa karibu hapa mjini, kazi ni yako. Nikavaa kanzu yake nyuma mbele. Nikalala njiani mbele ya jeneza, nikapiga kelele, mimi ndiye niliyemuua! Aliniuliza kweli nikamficha! Nipeni jogoo wangu nipishe! Wakacheka, wakanitunza, wakasema kumbe mtoto huyu ana kipaji. Nikacheka nao. Kila neno alilolisema juu ya baba nilimrudishia, pamoja na jogoo.

Ila mtu mmoja hakucheka. Mwajabu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Wamanyema na sisi hatuna utani. Yeye alisikia maneno kama maneno. Toka hapo yuko ndani anakaa eda yake, hatoki, lakini kunipikia hakuacha. Juzi aliponiwekea sahani kwenye mlango wa ukumbi aliniuliza, Bashiru, yale uliyosema kwenu huwa yana maana gani? Nikamwambia ni desturi tu, mama. Akasema, ahaa. Jana nikamsikia anamwuliza jirani, bibi wa Kizaramo, kwamba ninyi watu wa mrima mkitaka kumjua mtani kama anasema kweli mnamwulizaje? Bibi alimjibu. Sikusikia alivyojibu, lakini jibu nalijua, na wewe unalijua.

Basi kaka, umesoma. Abdala hana hatia. Alimpeleka baba mikokoni kwa mapenzi, na aliona haya kusogea kwenye jeneza kwa sababu sisi tulimtazama kama mwuaji. Nenda kwake mchana, mkono mtupu, umwite kwa jina lake. Kisasi cha baba kimekwisha, mimi nimekitimiza, nami ndiye nitakayekibeba. Ukimwaga damu ya Abdala utakuwa umemwua mtu bure, na watoto wake watakua wakiitafuta nyumba yetu. Nisingekuandikia neno hili kwa lolote jingine duniani. Nimeliandika kwa sababu nakujua, nikikuambia tu mwache, hutaniamini.

Nisalimie mama sana, umbusu mikono, umwambie nitakuja tukivuna vuli, Mungu akinijaalia. Umsalimie shangazi na wote wanaoniulizia. Usimwambie mama habari ya toroli. Mwambie Sadallah amekufa kazini, atakusanya machozi yake amlilie, na amlilie tu.

Wasalamu, ni mimi mdogo wako akupendaye,
Bashiru bin Mtoro

Kaka, nasikia mitalawanda, vile viatu vya mti, ukumbini. Ni yake, hakuna mwingine avaaye mitalawanda nyumba hii. Mjane wa eda hana la kufanya huku uani. Sasa hatua zinakuja, ko, ko, zinapita jikoni bila kusimama. Zimesimama mlangoni kwangu. Habishi hodi. Anasema kwa sauti ndogo, kama anayejaribu neno la kigeni ulimini,

Utani kando, Bashiru.

Wino haujakauka. Naiweka chini ya mkeka