Mama Anapigana na Nani?

Chumba cha Mbele,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Naomba barua hii isomwe mbele ya kikao. Shikamoo Mjomba, uliyemtangulia hata Mama kuzaliwa, shikamoo Kaka, Wifi, nakusalimu kwa heshima, nanyi wadogo zangu mapacha, hamjambo? Mgongo wa Mjomba unaendeleaje? Huku tu wazima, ila mimi kichwa kimenivurugika.

Mlinituma nimfungashie Mama mizigo ahamie kwako, Kaka, kwa kuwa jirani yake, fundi cherehani, alimwona dirishani akirusha ngumi hewani, akawapigia simu kwamba akili zimemruka; neno la mwisho mkaniachia mimi nitakayemwona. Nilifika Jumatatu na maboksi sita. Kweli nilimkuta pekupeku kati ya meza na sinki, anapiga, anakinga, anageuka, kisha analiinamia jokofu kwa adabu.

"Mama, unapigana na nani?"

"Na huyo aliyekuja na maboksi," akajibu bila kunitazama.

Alhamisi nilimfuata hadi ukumbi anakojifunza karate, nimejiandaa kumkabili mwalimu wake. Kumbe ni dereva wa gari la wagonjwa, mtu mpole, na kabla sijafungua kinywa aliniomba nivue viatu. Yale ya jikoni, alinieleza, huitwa kata: mfuatano wa mapigo na kinga dhidi ya adui asiyeonekana, usiobadilishwa hata hatua moja. Karate yenyewe ni mikono mitupu. Ilichipuka visiwani Okinawa, mbinu za wenyeji zilipochanganyika na za Wachina, ikaingia shuleni huko, kisha ikavuka kwenda Japani bara.

Historia niliielewa. Nisichokielewa hadi sasa ni kwa nini mtu anayefundishwa kupiga aanze kwa kufundishwa kuinama. Wala sielewi vipi Mama, aliyeanguka bafuni mara mbili mwaka jana, leo anavaa soksi amesimama kwa mguu mmoja, na usingizi aliokuwa akiuombea unamjia wenyewe.

Mwalimu alinisimamisha kando ya Mama niijaribu. Kata ina hatua ishirini na moja. Kwenye ya nne nilijikuta nautazama ukuta peke yangu, ukumbi mzima umenipa mgongo.

"Kushoto, mwanangu," Mama akaninong'oneza. "Na mimi ndiye mnayesema nimesahau?"

Ndugu zangu, nilikuja na jibu, nimebaki na maswali. Naogopa mifupa yake itavunjika. Naogopa zaidi kumketisha kwenye kochi la mtu mwingine akingoja kuzeeka. Sijui lipi ni pendo na lipi ni woga wetu tu.

Mama anawasalimu kwa majina, mkubwa hadi mdogo, bila kuruka mtu. Mola awape afya na subira.

Kwa kuwa mliniachia neno la mwisho, neno ni hili: Mama hahami. Kaka, ufunguo wa nyumba yake uliouchukua alipoanguka, uurudishe kwa mkono wako. Na kila Alhamisi mmoja wenu atakuja, avue viatu, asimame kando ya Mama. Atakayefika hatua ya ishirini na moja bila kupotea ndiye atakayeruhusiwa kuzijadili akili zake. Zamu ya kwanza ni yako.

Mdogo wako akupendaye,
ambaye bado anautafuta mkono wake wa kushoto.