Zamu Aliyoiacha Mama

Chumba cha Redio,
Juu ya kilima, kando ya tangi la maji.
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa, na baridi ya huko haijakuvisha kofia mbili tena. Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo, ila anakataa kwamba anakohoa.

Najua ulipigiwa simu ukaambiwa binti yako na mtoto wake wako salama. Hukuambiwa dada yako alifanya nini, na yeye mwenyewe hatakuambia. Kwa hiyo naandika mimi, maana kwa mdomo nisingefika hata nusu.

Kazi yake unaikumbuka. Zahanati iko nyuma ya kilima, hospitali mbele, na redio zao hazisikiani. Mama yuko katikati: anapokea huku, anapeleka kule. Redio ni moja, na ukibonyeza kitufe useme, husikii kitu mpaka umalize kwa "ova" na kukiachia.

Msimamizi wake, tunayemwita Bwana Saa, alibandika ratiba ukutani: dakika tano zahanati, dakika tano hospitali, mvua inyeshe, jua liwake. Mama huitazama kwa heshima, kisha hufanya yake. Hukaa na upande unaosikika, akaandika kila neno daftarini. Upande wa pili ukianza kusikika, huusomea yote kwa mkupuo. "Daftari halisahau," huniambia. "Ya nini kumpigia kelele asiyesikia?"

Alhamisi mchana nilikuwa pale na hesabu zangu za shule. Mkunga wa zahanati akaita: kuna mzazi anatoka damu nyingi, gari la wagonjwa lije na damu. Akataja jina. Lilikuwa la binti yako. Mama aliliandika kama anavyoandika majina yote.

Mvua ilikuwa upande wa hospitali, redio inakoroma tu. Saa ya ukutani ilisema ni zamu yao, lakini Mama alibaki na mkunga. Mimi nilishindwa kuvumilia. Alipoinama kuokota kalamu, nikabonyeza kitufe nikaita hospitali. Kimya. Nilipoachia, nikadaka mkia tu wa maneno ya mkunga: "...wasipite huko. Ova."

"Umetuziba masikio, mwanangu," Mama alisema, bila ukali. Kisha akabonyeza. "Mkunga, rudia, nimekukosa. Ova."

"Daraja la chini limezama, shoga. Wapite njia ya machimbo. Umelala? Ova."

"Nimelala macho wazi. Nimekupata. Ova."

Mjomba, kama angeifuata ratiba, au angenifuata mimi, gari lingekwenda darajani. Mvua ilipolegea, kwa dakika mbili hivi, aliwasomea hospitali yote: kundi la damu, saa ilipoanza kutoka, njia ya kupita. Hakurudia neno. Dereva akajibu, "Nimekupata, natoka." Kisha mvua ikafunga tena. Nimesoma vitabu vingi vya watu hodari, lakini sijaona aliyejua kunyamaza namna hiyo.

Jioni kabla jua halijazama mkunga aliita: damu imesimama, mtoto ametoka, ni wa kike. Akashikilia kitufe chake ili tumsikie mtoto akilia. Alipokiachia, ilikuwa zamu ya Mama kusema, na Mama alikuwa hajawahi kupoteza zamu. Siku hiyo aliiacha. Aliondoa mkono kwenye kitufe, akafunga daftari.

"Kilimani, mpo? Ova."

Mama akanisogezea redio. "Jibu wewe."

Mimi, ninayeogopa hata kujibu darasani, nikabonyeza. "Tupo. Tumempata. Ova."

Nisalimie sana Mkaza-mjomba, na yule fundi viatu jirani yenu anayeniulizia. Mama anawasalimu, na anasema hakohoi. Mungu akufungulie njia uje umbebe mjukuu wako angali mwepesi.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Kobe