Ndege wa Mpunga na Dawa ya Sita

Alhamisi. Manyunyu yamepita alfajiri, sasa jua limetoka na moyo wangu mwepesi. Shule sikuiona hata mlango. Mimi nasema, binti yangu Zuhura anabonyeza simu. Akipunguza maneno nitajua, maana lazima anisomee.

Leo naungama.

Nina saratani ya titi. Dawa ya mshipa natiliwa Nampula, mbali sana na huku kwetu Mute, na nimeshamaliza tano. Imebaki ya sita, ya mwisho. Daktari alisema isikawie. Mimi nikaikawiza kwa makusudi, na nikadanganya.

Sababu ni mpunga. Umeiva, na ndege wamejua kabla yangu. Asiyeamia, asiyekesha kuwafukuza ndege wiki hii, atavuna mabua. Zuhura ana mtoto mchanga, hawezi kushinda shambani tangu alfajiri. Zile helikopta zinazokwenda kwenye meli za gesi mwanzo zilitusaidia, ndege wakikimbia wote. Sasa wamezizoea, hata hawageuki. Wanakula tu.

Basi akapiga simu Dona Lusia, mama wa ustawi wa jamii pale hospitali, ndiye aliyenitafutia kitanda katika nyumba ya wagonjwa wa mbali. Nikamwambia nina homa, siwezi kusafiri. Nikakohoa na kukohoa, homa ipate shahidi.

Hakubisha. Alimtuma nesi wa huku kwetu aje anipime. Nyumbani hakunikuta. Alinikuta shambani, juu ya dungu la kuamia, teo la kurushia mawe mkononi, nawatukana ndege kwa sauti ya kusikika Palma.

Nesi alicheka mpaka akakaa chini. Akampigia Dona Lusia, akanipa simu. Nikangoja kugombezwa. Yule mama akaniita bibi kwa Kireno chake, akauliza tu, "Vovó Somoe, wewe umewahi kumwamia nani?"

Swali gani hilo? Nikaanza kutaja. Atija, alipojifungua mapacha. Mwanahawa, alipokaa eda. Nilipofika wa saba ndipo nikajisikia ninachosema.

Huku kwetu mwanamke akizaa au akifiwa, wenzake wanapanda dungu lake bila kuombwa. Lakini wangepandaje langu? Nilikuwa nimewaambia naenda Nampula kuuguza ndugu.

"Waambie," akasema Dona Lusia. "Ukishindwa, nitasema nao mimi."

Nilishindwa. Akasema nao yeye, simu imelazwa juu ya mkeka, sauti juu, wanawake wale saba wameizunguka. Alipomaliza nikavua kilemba. Kichwa kitupu kabisa, kama mwali aliyetoka unyagoni.

Hakuna aliyelia. Atija, mshindani wangu wa kuimba tufo, ngoma yetu ya wanawake, tangu tuna meno yote, alinitazama juu mpaka chini.

"Kumbe ulitaka kufa kwa vijungu viwili vya wali," akasema. "Na mimi nishindane na nani?"

Siku za kuniamia wakagawana hapo hapo. Aliyelia ni mimi, nikausingizia moshi.

Nimekuwa nikiwaza tangu jana. Mgonjwa wa kijijini asiporudi hospitali, watu husema kaogopa sindano. Wengine tunaogopa ndege. Na wengine, tuseme kweli, tunaogopa kusaidiwa. Mimi nimefukuza mashambani kwa watu ndege wengi kuliko nywele nilizopoteza, lakini kusema "nami niamieni" kulinishinda mpaka akatokea mtu wa mbali akaniuliza swali moja.

Zuhura anasema nimeongea sana. Aandike hivyo hivyo.

Kesho naondoka. Mfuko nimeshafunga, na Mwanahawa kanipa kilemba chekundu, eti hiki cha zamani kinanizeesha. Upepo unaniletea sauti ya Atija kutoka juu ya dungu langu. Anafukuza ndege kwa wimbo wangu mimi, na ubeti wa pili anaukosea.

Sasa nisipopona, nani atamrekebisha?