Mama, Nimebadili Mgawo wa Hori

Mama yangu mpendwa,

Leo asubuhi tumetia samaki changu wachanga horini, nikakukumbuka mpaka nikasimama ndani ya maji kama mjinga, ndoo mkononi.

Unakumbuka mwaka ule samaki walipotuadimikia hapa kisiwani Chovai? Uliwakusanya wanawake, mkawateka changu wadogo kwenye majani ya bahari, mkawabeba hadi hori, ule mkono wa bahari ulio nyuma ya mikoko, mkaziba mdomo wake kwa uzio wa fito. Wanaume walicheka. Samaki waliponenepa, kila mchu, mkubwa kwa mdogo, alilitaka hori. Nyinyi mlitaka kutanda, kuwazoa samaki kwa nguo, mpate kitoweo cha kila siku. Mjomba Athumani, kaka yako, na wenzake wanaovua kwa mishipi walitaka samaki waachwe wakue, wakaushwe, wapelekwe Kismayo. Halafu akaja yule ofisa wa Kitaliani na ufito wake wenye gurudumu la uzi. Anavua, anamtazama samaki, anamrudisha majini. Akataka hori liwe lake na rafiki zake.

"Huyu anacheza na chakula," Mjomba alifoka. "Nitaung'oa uzio, tukose sote!"

Ukamshika mkono. "Ung'oe, kaka, kisha uwaambie wanao wale nini. Na huyu tukimfukuza atarudi na askari. Tumpe pahali tunapomwona."

Ukagawa: wanawake kwenye maji mafupi, wenye mishipi kwenye kina, Mtaliani kwenye jiwe la kusini, tena maji yakijaa tu. Na wakati wa wachanga, asivue mchu yeyote. Mkalimani wake alipomaliza kumfasiria, yule bwana alikunja uso. Hakuzoea kupangiwa. Wewe ukamnyooshea ndoo.

"Mwambie, anayevua hapa hubeba na samaki wachanga."

Yule bwana akavua viatu, akakunja suruali, akaingia, na hakufika mbali akazama topeni hadi magotini. Mjomba ndiye aliyemvuta, akicheka hadi machozi, na Mtaliani mwenyewe akaangua kicheko. Uzio ukasalimika.

Yule bwana alihamishwa zamani. Nawe ulipotutoka, Mama, mgawo wako ukaanza kutubana. Waume wa mabinti wengi wamechukuliwa kufanya kazi mashamba ya Wataliani huko bonde la Mto Juba. Wake zao wamejifunza mshipi, lakini kwenye kina hawaruhusiwi. Walikuja kwangu, wakiniona mimi ndiye wewe. Nilikosa usingizi. Mimi ni nani hata nibadili neno lako?

Juzi nikasema mbele ya wote kwamba nusu ya kina iwe yao. Mjomba akanijia juu. "Mgawo wa marehemu hauguswi!"

Nilimjibu: "Mjomba, Mama aliwagawia aliowaona wana shida. Hata mimi nawaona hawa."

Mjomba akakusanya mishipi yake, akasogea kando, akamwita mkwewe, mke wa mwanawe aliyeko Juba. "Njoo, mwanangu. Simama hapa, ndipo samaki wanapokula vizuri."

Binti yule alivuta changu mkubwa, Mama, akapiga kelele hadi ndege wakaruka mikokoni. Ungelizisikia kelele zile!

Nakukosa kila siku. Lakini siogopi tena wakija kuniuliza. Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako