Breki Nyekundu Zisizoshika

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, tena naomba uwe wa haraka, maana jambo lenyewe lina siku, nayo ni Jumatatu.

Mimi ni baba wa watoto watatu na kazi yangu ni afisa usalama katika kiwanda cha magodoro, ndiye ninayebandika yale mabango ya tahadhari ukutani na kila mwezi nawasimamisha wafanyakazi uani kuwafundisha kushika mtungi wa kuzimia moto, nakueleza haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa ovyo. Nina gari dogo, limechoka kidogo lakini ndilo la kila siku, asubuhi linapeleka watoto shule na mimi kazini, jioni linapita sokoni, na kwa muda mrefu breki zake zimekuwa na tabia zake, ukikanyaga mara ya kwanza mguu unazama mpaka sakafuni na gari linaendelea na safari, ukikanyaga mara ya pili linafikiria, ukikanyaga mara ya tatu linasimama vizuri kabisa, na sisi tulishazoea, hata watoto wakiona taa nyekundu mbele huanza kuhesabu kwa sauti kiti cha nyuma, moja, mbili, tatu, na mimi nafuata kwa mguu, wala sikuona ubaya kwa sababu mwisho wa yote lilikuwa linasimama.

Balaa lilianza binti yetu mkubwa alipokwenda kufanya mtihani wa udereva. Gari la mtihani ni jipya, breki zake zinashika ukizigusa tu, sasa alipoambiwa asimame akakanyaga kama tulivyomlea, moja, mbili, tatu, kwa nguvu zake zote, na mtahini aliyekuwa ameinama anaandika akajigonga paji la uso kwenye dashibodi, miwani ikaruka, na kwenye karatasi ya majibu wakaandika kwamba mtahiniwa anasimamisha gari kwa hasira. Binti alirudi analia, akaniuliza, "Baba, kwa nini hukuniambia kwamba magari ya watu hayako hivi?"

Mke wangu ni mshonaji wa mapazia na alikuwa ameweka akiba ya cherehani mpya. Usiku ule hakugomba, alifungua kabati, akanipa ile akiba yote na kusema, "Baba, nataka breki. Sitaki kingine chochote. Breki." Nikaenda duka la spea kwa muuzaji mmoja ambaye kila mtu anamwita Profesa, nikamweleza shida yangu, naye akaniuliza, "Kaka, unataka breki za kusimama au za kuonekana?" Nikasema za kusimama. Akasema, "Basi anza na za kuonekana, kusimama kutakuja." Akanionyesha kwamba rimu zangu ni ndogo kama biskuti, hata nikiweka breki nzuri namna gani hakuna atakayeziona, kwa hiyo nianze na rimu kubwa, halafu kuna vifuniko vyekundu vya plastiki vyenye maandishi yanayong'aa ambavyo unavibandika juu ya breki yako ileile, "yaani ukipita tu, mtu anajua hili gari linasimama." Nilitoka pale na rimu nne, vifuniko, kopo la rangi nyekundu ya geti kwa ajili ya sehemu ambazo kifuniko hakifiki, na chenji isiyojaza kiganja. Nilipaka mwenyewe, Jumamosi nzima, kwa brashi.

Mke wangu alitoka ndani akalizunguka gari taratibu, akainama, akagusa ule wekundu kwa kidole, akasema, "Leo nimekuheshimu." Mshauri, tuna miaka kumi na tisa kwenye ndoa na neno hilo nilikuwa silijui. Nilitaka kumwambia ukweli palepale, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Fundi amesema sasa ukigusa tu, linasimama."

Tangu siku hiyo simpi mtu usukani, naendesha mimi mwenyewe na nakanyaga kimyakimya. Juzi kitindamimba wetu alianza kuhesabu, nikamkemea, nikamwambia hatuhesabu tena, breki ni mpya, akaniuliza, "Mbona mguu wako unahesabu?" Nikaongeza sauti ya redio.

Sasa mke wangu amepata kazi ya kushona mapazia ya hosteli ya wanafunzi iliyo chini kabisa ya ule mteremko wa hospitali, na kuanzia Jumatatu atachukua gari, awapitishe watoto shule, ashuke na majora ya vitambaa. Zamani alikuwa haligusi gari hilo, alisema anaogopa. Majuzi akaniambia, "Kwa breki hizi naogopa nini tena?"

Swali langu ni hili. Profesa ana diski kubwa, zile sahani za chuma za breki, zimetolewa kwenye gari la mashindano lililopata ajali, na anasema kwa hicho nilichobakiza tunaweza kuelewana. Ziko za aina mbili, zenye matundu zinazopitisha upepo, na zenye mifereji. Ninunue zipi, ili hili jambo liishe bila kulazimika kumweleza mama watoto? Na tafadhali usinitaje, kwa sababu anasoma safu yako kila Jumapili.

Mwenye Breki Nyekundu

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Breki Nyekundu, usinunue zenye matundu wala zenye mifereji. Hilo ndilo swali lako na nimelijibu.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali gari lilipotengenezwa, sikupaona. Kwa kuwa mimi si fundi, niliipeleka kwa mama mmoja anayetengeneza breki tu, miaka ishirini na sita sasa, kwenye gereji yenye shimo moja na foleni ndefu. Nilimsomea yale ya breki na mteremko tu, amesimama, mikono ikiwa na grisi mpaka viwiko.

"Huyu mtu ni mzima?"

"Ni afisa usalama."

"Wa nini?"

"Magodoro."

Akafikiri kidogo. "Basi angalau ana pa kuangukia."

Kisha akaacha utani, akanieleza, nami nakueleza wewe kama alivyosema. Pedeli inayozama mpaka sakafuni na kupanda ukiikanyaga tena na tena si tabia ya gari. Ama kuna hewa ndani ya mabomba, ama mafuta ya breki yanavuja mahali, ama raba za pampu kuu ya breki zimekwisha, ama breki za nyuma zimelegea hazijakazwa tangu zifungwe. Huenda ni mawili kwa pamoja. Diski kubwa haiondoi hata moja kati ya hayo. Ni sawa na mtu mwenye bomba la maji lililopasuka kwenda kununua beseni zuri. Tena diski za gari la mashindano hazitaingia kwenye gari lako bila kukatakata vitu ambavyo havikuumbwa kukatwa, na kama lilipata ajali, hakuna anayejua kama zimenyooka. Rimu zako mpya ni nzito kuliko za zamani, kwa hiyo sasa gari ni gumu zaidi kusimama kuliko siku ile binti yako alipofeli. Vile vifuniko vya plastiki vinazuia joto lisitoke, na joto ndilo linalolegeza breki kwenye mteremko. Mteremko, bwana. Umeuandika kwa mkono wako mwenyewe.

Nilimuuliza yule fundi, mtu mwenye fedha kidogo na gari la kila siku aanze wapi. Alicheka, akasema wengi huanzia pale wewe ulipoanzia. Kisha akasema aanze na kinachovuja. Gari liinuliwe, magurudumu yote manne yafunguliwe, panapolowa paonekane. Raba za pampu zibadilishwe, au pampu nzima kama imechimbika ndani. Mafuta ya breki yamwagwe yote, yatiwe mapya kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa, hewa itolewe gurudumu moja baada ya jingine mpaka pedeli iwe ngumu ukiikanyaga mara moja tu. Mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, ikiwa na nyufa, itupwe. Baada ya hapo ndipo pedi, vile vibao vinavyoibana diski, na hapo ndipo unaweza kujipendelea kidogo: nunua pedi za daraja la juu zaidi ya zile za bei ya chini kabisa, kwenye duka litakalokuandikia risiti. Diski zako za zamani zipimwe unene. Zikiwa bado zinafaa, zibaki. Zikiwa zimeliwa, nunua za kawaida, zisizo na tundu hata moja, za gari lako hilohilo. Siku chache za mwanzo ukiwa na pedi mpya, punguza mwendo polepole mara nyingi kwenye barabara tupu mpaka zizoeane na diski. Na utazame tairi, maana breki husimamisha gurudumu, lakini kinachoshika barabara ni tairi, na barua yako ndefu yote haina neno moja kuhusu tairi.

"Baada ya hayo atakuwa na breki bora kuliko za gari la mashindano?" nilimuuliza.

"Atakuwa na breki," alisema.

Fedha utazipata kwa kuzirudisha zile rimu. Profesa atakataa. Muuzie mtu mwingine anayependa kuonekana. Kwa ninavyoona hamko wachache. Rangi ya geti ikwanguliwe na fundi, aangalie kama haikuingia ndani kwenye pedi, kwa sababu mtu anayepaka breki kwa brashi ya geti hajui brashi ilipofika.

Sasa tuje kwa lile ulilonificha katikati ya mambo ya rimu.

Naelewa ulivyojisikia mkeo aliposema amekuheshimu. Mtu akisikia neno alilolisubiri miaka kumi na tisa, kulirudisha ni kazi ngumu. Kwa hilo nakupa pole. Ila pole yangu inaishia hapo. Zamani gari lako lilikuwa bovu na kila aliyepanda alijua ni bovu. Mkeo hakuligusa, watoto walihesabu. Leo gari ni bovu zaidi na wewe peke yako ndiye unayejua. Mama watoto atawabeba watoto wako mpaka shule, kisha atashuka ule mteremko na majora nyuma, atagusa pedeli mara moja, kwa wepesi, kama ulivyomwambia fundi amesema. Hakuna fundi aliyesema. Ulisema wewe, na kazini kwako mfanyakazi akifunika mashine mbovu kwa rangi mpya na kumpa mwenzake aitumie, nina hakika unamwandikia barua ya kumfukuza.

Barua yako ilifika Jumatano. Alhamisi nilikupigia kwa namba uliyoiandika chini. Ulinong'ona kwamba uko kwenye kikao cha usalama, utanipigia baadaye. Mpaka gazeti linakwenda mtamboni ulikuwa hujapiga. Umeniomba nisikutaje na sijakutaja, lakini magodoro, mapazia, miwani ya mtahini na rangi ya geti nimeviacha kama vilivyo, kwa makusudi kabisa. Mkeo hahitaji jina.

Kwa hiyo kama unasoma haya na yeye bado yuko jikoni, usimalize ukurasa huu. Chukua funguo zote mbili za gari, hata ile ya akiba unayodhani hajui ilipo, uziweke mezani mbele yake. Mwambie breki hukutengeneza, na fedha ya cherehani yake iko kwenye rimu. Mwambie hivyo kabla hujaeleza sababu yoyote, maana ukianza na sababu utaishia kwa Profesa. Mpigie mwenye teksi, mpatane awapeleke mkeo na watoto kesho, na kila siku mpaka gari litoke gereji, nawe nenda kazini kwa miguu. Gari lisiendeshwe hata kwenda gereji, livutwe. Akikasirika, na atakasirika sana, kaa palepale umsikilize mpaka amalize, kisha mpigie fundi wa breki huku yeye anasikia.